Jembe Fupi la Salinas

Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Oktoba, Marekani huadhimisha mchango wa raia wake wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania. Maadhimisho hayo yalianza mwaka 1968 yakiwa ya wiki moja, yakaongezwa kuwa ya mwezi mzima mwaka 1988, na huanza siku hiyo kwa kuwa ndiyo siku ya uhuru wa nchi tano za Amerika ya Kati, zikiwamo Guatemala na Honduras. Hapa California tunakoishi, shule hupambwa kwa picha za watu mashuhuri kama Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani tangu mwaka 2009, nami huzitazama picha hizo kwa furaha ya kweli. Hata hivyo, kitu kilichonifundisha zaidi kuhusu mchango huo kinaning'inia kwenye msumari katika banda la jirani yangu, mzee mzaliwa wa Meksiko, ambaye mtaa mzima hutanguliza neno Don mbele ya jina lake kama sisi tunavyotanguliza Mzee.

Kitu chenyewe ni jembe. Bamba lake ni la kawaida, lakini mpini haufiki hata urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na mahali pa kushikia pamelainika kwa jasho hata pakang'aa. Kwa Kihispania huitwa el cortito, yaani lile fupi. Nilipolishika na kujaribu kupalilia tuta moja la bustani yake, ilinibidi niiname mpaka kichwa kikakaribia magoti. Nimekulia shambani na kuinama si jambo geni kwangu, lakini jembe la nyumbani humruhusu mtu kuinuka kidogo kila anapolinyanyua, ilhali hili halikupi nafasi hiyo hata mara moja.

Kwa miaka mingi vibarua wa bonde la Salinas, huku California, walilitumia kupunguza miche ya saladi na viazisukari, kutwa nzima. Wenye mashamba walidai kwamba mpini mfupi humfanya mkulima awe makini asikate mche usiopaswa kukatwa. Vibarua wenyewe walijua sababu nyingine, kwamba msimamizi akisimama mwisho wa shamba angemwona mara moja yeyote aliyenyoosha mgongo, akamhesabu kuwa mvivu.

Mawakili wa msaada wa kisheria walipolipeleka jambo hili kwa mamlaka ya usalama kazini ya jimbo, wakiwa na ushahidi wa madaktari kuhusu migongo iliyoharibika kabisa, walijibiwa kwamba kanuni ilikataza zana mbovu tu, na jembe lile halikuwa na ubovu wowote. Jibu hilo hunikera kila ninapolikumbuka. Kesi, iliyobeba jina la kibarua Sebastian Carmona, ilifika Mahakama ya Juu ya California, ambayo mwaka 1975 iliamua kwamba zana inayomdhuru mtu anapoitumia jinsi ilivyokusudiwa haiwezi kuitwa salama kwa sababu tu haijavunjika. Mwaka huohuo jembe fupi likapigwa marufuku katika jimbo zima, na saladi ikaendelea kulimwa kwa majembe ya mpini mrefu.

Ndiyo maana siridhiki pale mchango wa watu hawa unapoelezwa kwa chakula na ngoma pekee. Waliilisha nchi, kisha wakailazimisha iyasome upya maneno ya kanuni zake yenyewe, na uamuzi ule ukawalinda wafanyakazi wa kila asili. José Hernández, aliyekwenda anga za juu na NASA mwaka 2009, alitoka katika familia ya vibarua kama hao, na utotoni alivuna mazao pamoja na wazazi wake. Ninapoiona picha yake ukutani, huiona pia migongo iliyo nyuma yake.

Mwaka huu nimemwomba mzee wetu aje na jembe lake shuleni kwa watoto wangu. Amekubali kwa sharti moja, kwamba kabla hajaanza kusimulia, kila mtoto alishike na kuinama nalo kwa dakika moja nzima bila kuinuka.