Kaburi la Tự Đức nililirudia siku ya pili

Siku ya kwanza nilitoka kwenye kaburi la Mfalme Tự Đức na picha 63 kwenye simu, na kama ungeniuliza nimeona nini ningekujibu: migongo ya watu. Nilikuwa nimejiunga na msafara wa basi, makaburi matatu kwa siku moja na chakula cha mchana juu yake. Kiongozi wetu alikuwa na kibendera cha njano na haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Alitupa dakika 40, akatupeleka mbio hadi nyuma kabisa lilipo kaburi lenyewe. Tukakuta kijumba cha jiwe katikati ya ua mtupu uliozungushiwa ukuta. Nikajisemea, ni hiki tu?

Vietnam nilikwenda kwa shughuli za korosho. Korosho ghafi nyingi za Mtwara na Lindi hubanguliwa huko. Kazi ilipoisha nilibakiwa na siku nne, nikapanda treni kutoka Ho Chi Minh hadi Huế, mji wa wafalme wa ukoo wa Nguyễn, safari ya takriban saa 20. Sikuja umbali huo kutazama migongo.

Mama mwenye nyumba ya wageni niliyofikia alikuwa akiniita "em", yaani mdogo wangu, nami nikimwita "chị", dada. Kivietnam hakina "wewe" moja ya kumwambia kila mtu. Kabla hujafungua mdomo ujue uliye naye ni kaka, shangazi au babu, jambo ambalo kwa mtu wa kwetu wala si mtihani. Usiku ule nikamlalamikia, simu ikitutafsiria. Akacheka, akaandika: "Em, umeanzia mwisho. Yule aliishi pale kwanza, kufa kulikuja baadaye."

Maneno yale ndiyo yaliyonipa ufunguo. Nikakesha nasoma. Tự Đức alitawala kuanzia 1847 hadi 1883, miaka mingi kuliko mfalme mwingine yeyote wa ukoo wake. Mahali pale palijengwa kati ya 1864 na 1867, naye akapatumia kama nyumba ya mapumziko kwa miaka 16 kabla hajazikwa. Ni hekta 12 za ziwa, misonobari, mahekalu, hata ukumbi wa maigizo. Nikaamua kesho nitapita kama mgeni aliyealikwa nyumbani kwa mtu: kwanza barazani, kaburini mwisho.

Alfajiri nikakodi baiskeli. Unapita kituo cha treni, unapanda barabara ya Điện Biên Phủ mpaka kwenye madhabahu ya Nam Giao, halafu unakata kulia. Njiani kuna kijiji cha Thủy Xuân, wanakotengeneza ubani wa vijiti. Vijiti huanikwa vimefumbatwa chini na kutawanywa juu kama maua makubwa, vyekundu, vya zambarau, vya njano. Mwezi wa Juni jua la Huế halina huruma, na kilima kile si kirefu ila kinakukumbusha umri wako. Nilifika shati limenata mgongoni, nikalipa tena dong 150,000 za kiingilio. Iliniuma kidogo, maana ya jana ilikuwa imelipwa bure.

Getini hapakuwa na basi hata moja.

Kwa kuwa Kivietnam huandikwa kwa herufi hizihizi zetu, nilijipa kazi ya kitoto: kutafuta neno Khiêm kwenye kila kibao. Maana yake ni unyenyekevu, na mfalme alilipachika kila mahali. Geti ni Vụ Khiêm. Ziwa ni Lưu Khiêm. Banda la gati ni Dũ Khiêm, hekalu ni Hòa Khiêm, ukumbi wa maigizo ni Minh Khiêm. Nilipofika la kumi nikaacha kuhesabu. Anayelitaja neno unyenyekevu mara zote hizo lazima kuna kitu kinamkereketa, nikawaza, na kweli kilikuwepo. Mwanzoni mahali hapa paliitwa Vạn Niên, miaka elfu kumi. Mwaka 1866 vibarua na askari waliochoshwa na kazi ya ujenzi waliasi wakiongozwa na Đoàn Hữu Trưng, wakavamia kasri mjini. Silaha zao zilikuwa michi waliyokuwa wakitwangia chokaa ya ujenzi, na hadi leo tukio hilo huitwa uasi wa michi ya chokaa. Walishindwa na viongozi wao wakauawa. Baada ya hapo jina likabadilishwa, unyenyekevu ukaingia.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye banda la Xung Khiêm, lililosimama juu ya nguzo majini. Hapa mfalme alikuwa akikaa kutunga mashairi, na watu wa kasri wakimzunguka. Nikavua kofia, nikakaa sakafuni kwenye mbao, mgongo kwenye nguzo, na kwa nusu saa sikupiga picha hata moja. Mbao zimelainika kama kinu cha bibi. Chini, majani ya yungiyungi yalikuwa bado na matone, na kila samaki akipiga mkia, tone linateleza mpaka katikati ya jani, linatulia, linang'aa. Wanasimulia kwamba chai ya mfalme ilichemshwa kwa umande uliokusanywa kwenye majani hayo. Jana ningesema ni hadithi za watalii. Asubuhi ile nilikuwa tayari kuamini, ingawa nilimhurumia mtumishi wa kuukusanya.

Kwenye mahekalu juu ya ngazi sikukaa sana. Giza, dhahabu iliyofifia, na kuvua viatu. La kukumbuka ni viti viwili vya enzi ndani ya Hòa Khiêm. Kikubwa ni cha malkia, kwa sababu mfalme alikuwa mfupi. Hata maofisa wa jiwe waliopangwa kwenye ua wa heshima, pamoja na tembo na farasi, wamechongwa wafupi, na watu husema ni ili wasimzidi bwana wao. Mimi mwenyewe si mrefu. Nilisimama kando ya mmoja wao tukatazamana macho kwa macho.

Kisha nikafika kwenye bamba la jiwe, ambalo jana tulilipita tukikimbia. Lina uzito wa tani 20 hivi, na lilikokotwa kutoka Thanh Hóa, kilomita kama 500, kwa miaka minne. Kwa desturi, sifa za mfalme aliyekufa huandikwa na mwanawe. Tự Đức alikuwa na wake na masuria zaidi ya 100 lakini hakupata mtoto hata mmoja, na wengi hulitaja ndui aliougua utotoni kuwa ndio sababu. Basi akajiandikia mwenyewe, herufi 4,935 za Kichina, na hakujisifu tu. Ameandika maradhi yake, makosa yake, na nchi aliyoipoteza kwa Wafaransa, waliochukua mikoa mitatu ya kusini kwa mkataba wa 1862. Sijui kusoma hata herufi moja kati ya hizo. Nilitembeza macho tu, mstari hadi mstari, kutoka juu kwenda chini, nikimfikiria mwanamume mtu mzima anayekaa kuandika risala ya msiba wake kwa kuwa hakuna wa kuiandika.

Hapo ndipo nikaenda kaburini. Kijumba ni kilekile, ukuta uleule. Tofauti ni kwamba sasa nilijua kuwa huenda hayumo. Inasemekana alizikwa mahali pengine kwa siri, na watumishi 200 waliomzika wakakatwa vichwa wasije wakatoa siri. Bibi mmoja mwenye kofia ya pia alikuwa anafagia maua meupe yaliyoanguka. Nikamnyooshea kidole kijumba, nikainua mabega kama anayeuliza. Naye akainua mabega, akaendelea kufagia.

Saa tatu na robo nikawa nashuka kuelekea getini. Mabasi yalikuwa yamefika, na kibendera cha njano nilikiona kwa mbali kikija kwa kasi, kundi zima likihema nyuma yake. Kiongozi wa jana akanitambua, akasimama kidogo, akanionyesha saa yake ya mkononi. Nikasogea pembeni kuwapisha.