Livingston na ile miaka ambayo watu huiruka

Jumapili, usiku

Leo nimeshinda na Tulsa kichwani, mji ambao sijawahi kuukanyaga na wala sina ndugu huko. Machi 2009 Shaun Livingston alikuwa akichezea Tulsa 66ers, timu ya kikapu katika ligi ndogo ya maendeleo ya NBA ya Marekani, ligi ya watu wanaosubiri simu iite. Miaka mitano nyuma yake, 2004, Los Angeles Clippers walikuwa wamemchukua wa nne kwenye drafti, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, katoka sekondari moja kwa moja, ana miaka 18.

Ukiwauliza watu wa kikapu habari za Livingston watakupa mambo mawili: goti na pete. Goti liliharibika, pete za ubingwa wa NBA zikaja tatu, Mungu mkubwa, haya tuendelee. Hakuna anayekushusha Tulsa. Mimi nimeshuka leo, na nimekaa.

Sisi Watanzania ligi ile tuliifahamu kwa Hasheem Thabeet. Mwaka huohuo wa 2009 Memphis Grizzlies walimchukua wa pili kwenye drafti, na msimu wake wa kwanza haujaisha wakampeleka Dakota Wizards. Wakati huo hakuna aliyechukuliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa kule, na huku nyumbani watu walisema maneno yao. Grizzlies hao ndio waliokuwa wamempokea Livingston Januari 2009 kutoka Miami Heat na kumtema hapohapo bila kumchezesha hata dakika. Huko Miami penyewe alikuwa amecheza mechi 4.

Lakini nirudi nyuma kidogo, maana wadogo zangu wengi walianza kuangalia NBA kwa Stephen Curry wa Golden State Warriors.

Livingston ni mtoto wa Peoria, Illinois, mzaliwa wa Septemba 1985. Pointi gadi, yaani mwendesha mchezo wa timu, mwenye urefu wa mita 2 na kitu. Mtu wa kimo hicho kwa kawaida anasimamishwa pembeni au chini ya kikapu, yeye alikuwa anadunda na kugawa mpira kama mtu mfupi, huku anaona uwanja mzima juu ya vichwa vya wanaomkaba. Kwa hiyo jina la Magic Johnson, yule gwiji wa Lakers aliyekuwa pointi gadi mrefu, lilimfuata mapema mno. Alikuwa amekubali kwenda Chuo Kikuu cha Duke, ila drafti ikamwita kwanza. Mwaka ule njia hiyo ilikuwa bado wazi: Dwight Howard, aliyechukuliwa wa kwanza, naye alitoka sekondari, na J.R. Smith vilevile. Muda mfupi baadaye NBA ikafunga mlango, ikataka mchezaji awe amefika miaka 19.

Clippers wa enzi zile walikuwa wapangaji kwenye nyumba ya Lakers, ukumbi mmoja, mashabiki ndio hivyo tena. Hata hivyo 2006, wakiwa na Elton Brand na mzee Sam Cassell, waliwatoa Denver Nuggets kwenye mchujo. Timu hiyo haikuwa imeshinda raundi ya mchujo tangu 1976, ilipokuwa bado Buffalo. Phoenix Suns wakahitaji mechi saba kuwaondoa. Livingston alikuwa na miaka 20 na alikuwa akicheza dakika nzito. Kama ungeniuliza kiangazi kile nani atakuwa nani, ningemtaja bila kupepesa macho.

Tarehe 26 Februari 2007, nyumbani, wanacheza na Charlotte Bobcats. Anakimbia kuelekea kikapuni, leiapu ya kawaida, shuti la karibu kabisa na kikapu, anaikosa, anatua vibaya. Goti la kushoto likapinda upande ambao goti halina ruhusa ya kwenda. Klipu ipo na kila baada ya muda kuna mtu huirusha tena. Mimi sina haja ya kuielezea zaidi, orodha ya madaktari inatosha: kano ya msalaba ya mbele imekatika, ya nyuma imekatika, gegedo la upande wa nje limechanika, kano ya ndani imevutika vibaya, kifuniko cha goti kimehama, na kiungo kinachoshika mifupa miwili ya chini ya goti kimeachia. Goti likitoka namna hiyo kinachoogopwa kuliko vyote ni mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma yake, kwani ukikatika mguu unaweza kufa ndani ya saa chache. Hospitalini aliambiwa kwamba kukatwa mguu ni jambo linalowezekana. Miaka 21.

Haukukatwa. Akaanza upya kujifunza kutembea.

Sasa hapa ndipo wasimulizi wote wanaporuka. Unaona mgonjwa kitandani, wimbo unabadilika, halafu bingwa ameshika kombe. Nami naomba nikae kwenye nafasi ile ya katikati, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe aliyoifanya. Baada ya Miami, Memphis na Tulsa akaitwa Oklahoma City Thunder. Desemba 2009 wakamwacha. Februari 2010 Washington Wizards wakampa mkataba wa siku 10, halafu mwingine, kisha wakambakiza hadi msimu uishe. Msimu uliofuata akasajiliwa na Charlotte Bobcats, walewale aliokuwa akicheza nao jioni ile goti lilipoondoka, na akawachezea mechi zaidi ya 70. Akauzwa Milwaukee Bucks. Akapelekwa Houston Rockets, wakamtema kabla hajavaa jezi kwenye mechi ya ligi. Akarudi Wizards. Mwezi haujapita sana, wakamtema. Cleveland Cavaliers wakamwokota mwishoni mwa Desemba 2012.

Soma tena aya hiyo ukijua kwamba kila nukta ni nyumba ya kupanga, begi la nguo, kocha mpya, daktari mpya anayelikandakanda goti lile na kukunja uso. Tena kila timu ilikuwa na sababu ya haki. Gadi asiyepiga shuti za mbali za pointi tatu, aliyepoteza kasi, mwenye faili la hospitali nene kuliko la takwimu. Kama ningekuwa mimi ndiye bosi wa Houston ningemtema pia, niseme ukweli.

Naandika haya kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana wa miaka 19, gadi, goti limemtoka mwaka huu uwanjani hapa Dar, kano ya msalaba ya mbele. Tangu hapo watu wanamtumia video za Livingston, ile ya goti na pete. Nia yao njema, lakini nilimwona anaitazama moja wiki iliyopita, akaifunga simu akaigeuza kifudifudi juu ya godoro. Akaniambia, "Mjomba, hawa wote wanaishia kwenye ubingwa. Mimi nataka kujua mwezi wa nane tangu kuumia unakuwaje."

Mwezi wa nane! Swali la mtu anayeumwa kweli, siyo la mtazamaji.

Turudi kwa Livingston. 2013 akaenda Brooklyn Nets. Timu ilikuwa imekusanya wazee wenye majina, Kevin Garnett na Paul Pierce, na kocha mpya kabisa, Jason Kidd, aliyekuwa ametoka kucheza msimu uliopita tu. Ilianza vibaya, ushindi 10 na vipigo 21. Brook Lopez, mrefu wao wa chini ya kikapu, alikuwa ameumia, Kidd akalazimika kupanga kikosi cha wachezaji wafupi zaidi, na Livingston akaingizwa kuanza. Mambo yakageuka, wakamaliza na ushindi 44. Mchezesha timu aliyekuwa bora wakati wake, Kidd, alikuwa ameona kitu ambacho faili la hospitali halikionyeshi. Kiangazi cha 2014 Golden State Warriors wakampa mkataba wa miaka mitatu. Alikuwa amefika timu yake ya tisa kati ya zile alizozichezea, ana miaka 28.

Na hapa ndipo mimi na mama yangu tunapoingia. Fainali za 2016, 2017 na 2018 zote ziliangukia Ramadhani kwa sehemu kubwa au yote. Mechi ya saa tatu usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani ni saa kumi alfajiri kwetu, yaani daku ipo mezani. Nyumbani kwetu televisheni haiwashwi wakati wa daku, ila miaka ile ilipewa ruhusa maalumu. Mama hajui NBA, hajui nani ni nani, lakini katika kundi lile lote alimchagua mmoja. "Huyu mwembamba," alisema huku anapozesha uji, "mbona hatupi mbali kama wenzake?"

Alikuwa ameona sawasawa. Warriors wale walikuwa timu ya pointi tatu, Curry na Klay Thompson wanashuti kutoka kokote. Livingston katika misimu mitano na timu hiyo, tatu zake zilizoingia unazihesabu kwa vidole. Yeye alikuwa na jambo lake moja. Anapokea mpira pembeni, mita nne au tano kutoka kikapuni. Anampa mgongo gadi anayemkaba, ambaye karibu kila mara ni mfupi kwake kwa kichwa. Anadunda mara moja, anamsukuma kidogo kwa bega. Anadunda mara ya pili. Hapo hakuna haraka yoyote, wala hakuna kuruka kwa nguvu. Anageukia bega moja, anainua mikono juu kabisa, mpira unatoka ukiwa mahali ambapo mkono wa mkabaji haufiki hata akipanda kiti. Unaingia. Anarudi kukaba bila kujipiga kifua.

Mtoto wa Peoria aliyekuwa anapaa hakurudi kamwe. Huyu alikuwa mtu mwingine, aliyejengwa kwa vitu ambavyo goti halikuweza kumnyang'anya: urefu, macho na subira. Watu husema alirudi. Mimi naona alihama.

Usiku wa kwanza wa fainali za 2016, kabla Ramadhani haijaanza, Cleveland waliwabana Curry na Thompson hadi wakapata pointi 20 wote wawili kwa pamoja. Livingston peke yake, akitokea benchi, alipata 20, akashuti 10 na kuingiza 8. Warriors wakashinda 104 kwa 89. Fainali yenyewe waliipoteza baadaye baada ya kuwa wanaongoza kwa mechi 3 kwa 1, na bado kuna watu mtaani hawajanyamaza. Na mwisho wa ile mechi ya kwanza ya fainali za 2018, ambayo dunia inaikumbuka kwa J.R. Smith wa Cleveland kukimbia na mpira kwenda kusikohusika huku matokeo yakiwa sare, mtu aliyekuwa anashuti sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, hadi Tristan Thompson wa Cleveland akatolewa nje kwa namna alivyomzuia, alikuwa ni yeye. J.R. na Livingston, watoto wawili wa sekondari wa drafti ya 2004. Mwingine wa drafti hiyo, Andre Iguodala, aliyechukuliwa wa tisa na naye mtu wa Illinois, alikuwa kwenye benchi lilelile la Warriors. Hebu fikiria, wa nne na wa tisa wa mwaka wao, wote wanasubiri kuitwa, na hakuna aliyenuna.

Pete 2015, 2017, 2018. Wastani wake wa maisha yote ya NBA ni pointi 6.3 kwa mechi. Siipambi namba hiyo. Goti lilimnyang'anya kitu kikubwa na pete hazikukilipa, ni mahesabu mawili tofauti, na nachoka na watu wanaotaka yalingane ili usiku walale vizuri. Angekuwa Magic? Sidhani, Magic hatokei mara mbili. Lakini angekuwa nyota, hilo naligombea na yeyote.

Septemba 2019 alistaafu, siku mbili baada ya kutimiza miaka 34. Mwaka uliofuata Warriors wakamrudisha ofisini, kazi ya kushughulika na mambo ya wachezaji. Na mechi yake ya mwisho kabisa, Juni 2019 dhidi ya Toronto Raptors, ndiyo ile ambayo Klay Thompson alichanika kano ya msalaba ya goti. La kushoto. Klay hakucheza tena hadi Januari 2022. Naamini katika jengo lile hakukuwa na mtu mwenye haki zaidi ya kumwambia neno, na naamini pia hakumwambia habari za pete.

Basi leo jioni nimemwandikia mpwa wangu ujumbe mrefu, sijaweka video. Nimempa majina ya timu tu, kwa mfuatano, pamoja na zile zilizomtema. Amejibu baada ya swala ya isha. Hakuuliza habari za Warriors. Ameuliza kutoka siku ile ya goti mpaka timu ya kwanza kumsajili ilipita miezi mingapi. Nimehesabu, Februari 2007 mpaka Oktoba 2008. Ishirini. Nimeongeza kwamba lake yeye ni kano moja, la mwenzake lilikuwa goti zima, na kwamba kesho mtaalamu wa tiba ya viungo anamsubiri saa mbili asubuhi, aamke mapema, foleni ya Morogoro Road anaijua.