Mbegu ya Hawaii, Mbegu ya Myanmar

Juzi Doto aliniuliza kwa nini Kulwa amempita kimo ilhali walizaliwa siku moja na wanakula chungu kimoja. Mama yao alimjibu kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa swali lile lilikuwa limenipeleka mbali, hadi kwenye tope la yale mabwawa mawili ya Kentucky, Marekani, nilikofanya kazi, asubuhi ya mavuno ya kamba.

Yaliyotangulia nitayapitia upesi. Mwenye shamba alikuwa ameachana na tumbaku, kama wakulima wengi wa jimbo lile, akaingia katika ufugaji wa kamba wakubwa wa maji yasiyo na chumvi, ambao kwao hasa ni mito ya kusini na kusini-mashariki mwa Asia. Kule Kentucky vifaranga huwekwa bwawani mwanzoni mwa Juni na havina budi kuvunwa kufikia katikati ya Septemba, kabla maji hayajapoa kiasi cha kuwaua, hivyo mbegu, yaani ukoo wa kamba, inayochelewa kukua ni hasara tupu. Mbegu iliyozoeleka ilikuwa ile ya Hawaii, inayotokana na kamba ambao mtafiti wa Hawaii, Takuji Fujimura, aliwapata kutoka Malaysia mwaka 1965, miaka michache baada ya mtafiti mwingine, Shao-Wen Ling, kugundua kule Penang, nchini humo humo, kwamba wachanga wa kamba hawa hawaishi pasipo maji yenye chumvi kidogo. Kwa kuwa mbegu hiyo imezaliana yenyewe kwa yenyewe vizazi vingi, wafugaji walianza kunong'ona kwamba imechoka. Ndipo tajiri wetu alipoagiza vifaranga wenye asili ya Myanmar, akawaweka katika bwawa la pili kwa msongamano ule ule na chakula kile kile, ili tuone nani atamshinda mwenzake. Bwawa moja kwa kila mbegu si jaribio la kuaminika, maana mabwawa nayo hayafanani hata yakichimbwa siku moja. Lakini mabwawa aliyokuwa nayo yalikuwa hayo mawili tu.

Maji yalifunguliwa usiku, na kulipopambazuka yalikuwa yamebaki kwenye shimo la kuvunia tu, meusi na yakichemka kwa kamba. Nilipangiwa meza ya kuchambulia pamoja na mzee mmoja wa Uvira, ambaye alikuwa amevua dagaa katika Ziwa Tanganyika ujana wake wote na hakuona sababu ya kuwaheshimu sana viumbe hawa. Kazi yetu ilikuwa kuwatenga katika makreti: majike wenye mayai, majike wasio na mayai, madume wenye magando ya buluu, madume wenye magando ya rangi ya chungwa, na madume wadogo. Dume la kwanza la buluu nililolishika lilikuwa na magando marefu kuliko mwili wake, yenye vijimwiba vilivyokwaruza glavu yangu. Nililiweka kwenye mizani nalo likapita gramu 60. Lililofuata kutoka ndoo ile ile lilikuwa na gramu 8, jeupe karibu la kupenyeza mwanga, na magando yake yalikuwa membamba kama njiti.

"Huyu ni mtoto," nilisema.

"Hapana, mwanangu, huyu ni mtu mzima," mzee alinijibu bila kuinua macho. "Amekatazwa kukua."

Alikuwa amesema kweli, pengine kuliko alivyojua mwenyewe. Dume mdogo hudumaa kwa sababu madume wa buluu wapo. Wakiondolewa, baadhi ya wadogo hujivua magamba, hukua kwa kasi, hugeuka kuwa wa rangi ya chungwa, na hatimaye huwa wa buluu. Wale wa rangi ya chungwa nao, wakijivua gamba la kuingia katika ubuluu, aghalabu hutoka wakiwa wakubwa kuliko wa buluu waliowatangulia. Labda ndiyo sababu watafiti wa Vietnam, ambao walilinganisha mbegu ya mto Mekong, ya mto Dong Nai na ile ya Hawaii, wameona urithi wa uzito kutoka kwa wazazi ukijitokeza wazi zaidi kwa majike kuliko kwa madume.

Kufikia adhuhuri wanunuzi walikuwa wamepanga foleni ukingoni na masanduku yao ya barafu, na tajiri akaja kuuliza ni mbegu ipi imeshinda. Wastani wa bwawa la Myanmar ulikuwa umezidi kidogo. Nilimwonyesha daftari, nikamweleza kwamba tofauti kati ya mabwawa hayo mawili ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na tofauti kati ya ndugu wa ndoo moja. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniomba nimpe namba moja tu ya kumpelekea mtu wa vifaranga.

Mzee wa Uvira, ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema kwamba yeye angewavua wakubwa mwezi wa Agosti, akawaacha wadogo ndani, halafu ndipo angetazama ni wadogo wa mbegu ipi wanaojua kuitumia nafasi. Nilimtafsiria tajiri maneno hayo. Akacheka, akasema hilo ni wazo la mwakani. Mwaka huo ulipofika aliagiza mbegu ya Hawaii, kwa kuwa muuzaji wake alikuwa karibu zaidi na vifaranga hawakufia njiani.

Doto bado anasubiri jibu, na kila nikimtazama naona kwamba sina hakika ni kitu gani hasa nilichokuwa nikikipima kwenye mizani ile.