Mkono wa Kushoto wa Waldteufel

Hii ni wiki ya tatu ninarudia ukurasa mmoja wa "Les Patineurs" (yaani "Watelezaji Barafuni"), walzi, muziki wa dansi wa mapigo matatu, kwenye piano kuukuu ya ukumbi wa parokia, na jana jioni ndipo nilipokubali kwamba kinachonishinda si mkono wa kulia, unaobeba wimbo, bali ni wa kushoto, ambao kazi yake yote ni kuhesabu moja, mbili, tatu. Pigo la kwanza hutua chini kwenye noti nzito, kisha mkono huruka juu kugusa mapigo mawili mepesi, halafu hushuka tena, na hivyo hivyo hadi mwisho wa ukurasa. Ukiyakazia yale mawili ya mwisho, walzi hugeuka gwaride. Ukiyachelewesha, wachezaji hukanyagana. Mwalimu wangu, mzee mwenye subira kuliko ninavyostahili, alinisikiliza kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, unatwanga. Hapa hakuna kinu."

Mtunzi wa walzi hii ni Émile Waldteufel, na sidhani kama yupo mtu katika ukumbi ule anayelijua jina lake, ingawa nikianza kuupiga wimbo wenyewe hata wanakwaya wanaopita huuitikia kwa kuguna. Walio wengi hudhani ni wa Strauss, yule mtunzi maarufu wa walzi wa Vienna. Jina Waldteufel kwa Kijerumani maana yake ni shetani wa msituni, jambo linalonichekesha kila ninapofungua karatasi zake, kwa kuwa sijawahi kukutana na muziki usio na ushetani kama huu.

Alizaliwa Strasbourg mwaka 1837 katika nyumba ya wanamuziki, akasomea piano Paris, kisha akajipatia riziki kwa kufundisha, kupiga kwenye karamu na kuzijaribu piano katika kiwanda kilichozitengeneza. Hiyo kazi ya kiwandani ndiyo ninayoifikiria zaidi. Mtu anayekaa mbele ya piano mpya, siku baada ya siku, akisikiliza kama kila kibonyezo kinaitika sawasawa, bila shaka hujifunza uzito wa kidole kuliko mwanafunzi yeyote. Mwaka 1865 alifanywa mpiga piano wa Malkia Eugénie, mke wa Napoleon III aliyetawala Ufaransa, na dola ile ilipoanguka mwaka 1870 yeye aliendelea kupigia watu dansi, maana hata serikali ya jamhuri ilihitaji karamu. Umaarufu nje ya Ufaransa ulimjia akiwa na umri wa karibu miaka 37, pale mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward VII, alipoisikia walzi yake "Manolo" mwaka 1874 na kuipenda, na ndipo wachapishaji wa London walipomfungulia mlango.

Sitadai kwamba alikuwa mtunzi mkubwa. "España" yake ya mwaka 1886 imejengwa juu ya nyimbo za Chabrier, na "Estudiantina" juu ya wimbo wa Lacome, wote wawili watunzi wa Kifaransa, nami huziona zote mbili kuwa kazi za fundi hodari zaidi kuliko za mtu aliyeguswa moyoni. "Les Patineurs," ya mwaka 1882, ni kitu kingine. Wimbo wake wa kwanza una noti ndefu zinazoteleza kwa utulivu, kama watu wanaojisukuma mara moja tu kwenye barafu na kuuachia mwili uende, na chini yake ule mkono wa kushoto hauchoki.

Kilichonifariji ni kujua kwamba Waldteufel alitunga kwanza kwenye piano, ndipo akayagawa mawazo yake kwa vyombo vya okestra. Nilikuwa nikidhani karatasi zangu ni muhtasari wa kitu kikubwa kilichopunguzwa kwa ajili ya wanafunzi, kumbe ninasoma mahali muziki huu ulipoanzia, palepale kwenye vidole vyake.

Jana mwalimu alinikataza kuutumia mkono wa kulia kabisa. Nilipiga wa kushoto peke yake kwa nusu saa, naye akiimba wimbo kwa mluzi, macho ameyafumba, na mara mbili, labda tatu, niliusikia mguu wake ukifuata mapigo sakafuni. Kesho nitaanzia mstari wa nne, pale mruko unapokuwa mrefu.