Usiguse kile kidude cheusi: radoni kwenye barnehage za Norway

Majira haya ya baridi ukikuta kidude cheusi cha plastiki, kinachoenea kiganjani, kimewekwa juu ya rafu kwenye barnehage (chekechea) ya mwanao, kiache hapo hapo. Kinapima radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayopanda kutoka ardhini penye urani, madini yenye mionzi. Sehemu za Oslo zimekalia mwamba wa alunskifer, ambamo urani imejaa tele. Na ukiondoa sigara, hakuna kinacholeta saratani ya mapafu kuliko gesi hii.

Tangu 2014 shule na chekechea zinabanwa na sheria: radoni ikivuka bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo, ishushwe, 200 ndiyo mwisho.

Radoni hupimwa miezi miwili au zaidi, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Aprili. Wakati huo wa baridi hewa ya moto hupanda darini, na huku chini jengo linafyonza hewa ya udongoni kupitia nyufa za sakafu na matundu ya mabomba. Ukipima Julai madirisha yakiwa wazi, unajidanganya.

Ndugu zetu wengi wanafanya kazi humo ndani, na kazi hii huwaangukia wao. Kidude kikae usawa wa pua, mbali na dirisha, hita na tundu la feni. Andika namba yake, chumba, siku uliyofungua pakiti na siku uliyokitoa. Maabara huhesabu alama zilizochorwa kwenye plastiki na chembe za alfa, yaani mionzi ya radoni, kisha hugawanya kwa siku. Bila tarehe, wanahesabu bure. Kikitolewa kikasahaulika ofisini mwezi mzima, nacho kinaendelea kurekodi, ila sasa ni radoni ya ofisi. Wengine hukitumbukiza kwenye droo kisichezewe na watoto. Heri kukipandisha juu kidogo.

Jibu likija 180, msikimbilie kuvunja sakafu. Shule nyingi hupunguza feni usiku na wikendi, radoni ikajazana wakati hakuna mtu, na wastani ukabeba saa zote hizo. Hapo huletwa mashine inayorekodi kila saa, wiki nzima ya kazi za kawaida. Mchana ukiwa chini ya 100 ila saa moja asubuhi bado iko juu, saa ya feni irudishwe nyuma, zianze kabla watoto hawajaingia. Ila feni inayotoa hewa nje bila nyingine ya kuingiza huzidisha ule mfyonzo wa sakafuni.