Vazi la sinema ligeuze ndani nje kwanza

Watu wanaoanza kukusanya nguo halisi za sinema za zamani za Hollywood huwa wananiuliza swali lilelile, eti ina cheti cha kuthibitisha ni halisi? Mi nawajibu cheti tutakisoma baadaye, kwanza igeuze hiyo nguo ndani nje. Karatasi ni maneno ya mtu tu, naye kaambiwa na aliyemuuzia, na yule kaambiwa na mwingine huko nyuma, ila nguo yenyewe ndo iliyosimama mbele ya kamera.

Ndani ndo kuna mambo. Studio kubwa kama MGM walikuwa wanashonea kipande cha utepe kwenye kola au kiunoni, kina jina la mwigizaji na namba ya filamu, na Western Costume, ile kampuni ya kukodisha mavazi iliyoanza 1912, nao wana lebo zao ambazo ukishazizoea unazitambua haraka. Unaweza kukuta majina mawili, moja limekatwa kwa wino, maana nguo ikimaliza filamu moja ilirudishwa stoo, ikapunguzwa au kupanuliwa, akavalishwa mtu mwingine kabisa. Nina kizibao kimoja cha msanii wa nyuma nyuma huko, hata jina lake halitajwi kwenye sinema, lakini ukifunua bitana unaona vitundu vya sindano pale mshono wa kwanza ulipofumuliwa, na ukingoni mwa kola kuna rangi ya vipodozi imeganda mpaka leo. Vile vitundu navipenda kuliko kitu chochote nilichonacho.

Halafu ndo unakaa na filamu, unasimamisha picha, unalinganisha taratibu. Kitambaa cha maua kikikatwa, kila nguo inatoka tofauti, ua moja linakatika nusu kwenye mshono wa bega, lesi inaanzia pengine, kwa hiyo hapo ni kama alama za vidole. Nguo nyeusi isiyo na urembo ndo kazi ngumu kweli. Na ujue vazi moja lilikuwa linashonwa nakala kadhaa, kwa hiyo "ilikuwa kwenye filamu" bado haijakwambia ni nakala ipi.

Karatasi zilikosekana toka mwanzo kwa sababu studio wenyewe waliziona ni nguo za kazi tu. Mwaka 1970 stoo la MGM lilipigwa mnada, viatu vyekundu vya Dorothy, yule msichana wa filamu ya The Wizard of Oz, vikaenda kwa dola 15,000, mwigizaji Debbie Reynolds akabeba mavazi kibao. Na viatu hivyo havikuwa jozi moja! Jozi nyingine iliibiwa 2005 kwenye makumbusho ya Judy Garland, aliyeigiza Dorothy, kule Minnesota, Marekani, FBI wakaipata 2018, wakaipeleka makumbusho ya Smithsonian ilinganishwe na jozi iliyoko huko, kumbe jozi hizo mbili zilikuwa zimechanganyika, kiatu cha huku mwenzake yuko kule. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa na karatasi ya kusema hivyo, viatu vyenyewe ndo vilisema. Hiyo iliyoibiwa ikauzwa mnadani 2024 kwa dola milioni 32.5 pamoja na ada.

Kwa hiyo muuzaji nikimwomba picha za ndani, kola, kiuno, pindo, halafu yeye akanitumia tena cheti chenye muhuri wa dhahabu, naachana naye. Nguo nzuri isiyo na lebo wala kulingana na picha yoyote naweza nikainunua, ila kwa bei ya nguo kuukuu, na kabatini inakaa upande wake.