Mahali pa kulala chombo

Binti yangu ana programu ya kufuatilia meli kwenye simu. Juzi alinionyesha pembetatu zilizojazana nje ya bandari, akauliza zote zinangoja nini. Nikamwambia zinangoja gati. "Na chombo kidogo je, kinangojea wapi?" Swali hilo lilinirudisha kwa Mjomba na jioni ile.

Tulikuwa watatu: Mjomba shetrini, nyuma ya chombo, kwenye usukani, kaka kwenye kamba za tanga, mimi omoni, mbele kabisa. Chombo chetu kilikuwa cha mita 9. Tulikuwa tumekusudia kuupita mlango wa bandari mapema tukalale ndani zaidi, lakini maji yalikuwa yanakupwa, na pale mlangoni yalikuwa yanatoka kwa nguvu kiasi kwamba tulibisha na kubisha, tukikata pembe huku na huku dhidi ya upepo, bila kusogea. Jua nalo halingoji.

Mjomba alituweka nje ya mstari wa maboya. Njia ya meli huchimbwa, na pembeni yake kina hupungua ghafla; pale ambapo meli kubwa ingekwama, sisi tulikuwa na maji ya kututosha. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za 1972, ziko wazi: chombo cha tanga, au chochote chenye urefu usiofika mita 20, kisiizuie meli isiyoweza kupita salama nje ya njia nyembamba kama ile. Wengi wanajua kwamba injini humpisha tanga, wakadhani hilo linatosha kila mahali. Mlangoni mwa bandari halitoshi.

Meli ya makontena ikatoka, tagi mbili, zile boti za kuvuta meli, zikiisindikiza. Kuna boti ya injini ilikuwa inakatiza mbele yake, na meli ikapiga honi tano fupi za harakaharaka, maana yake sielewi unachofanya. Kutoka juu kwenye daraja lake, yaani chumba cha kuongozea meli, nahodha anaweza asiuone uso wa bahari mbele yake hadi mita 500. Boti ile pengine ilikuwa imeshatoweka machoni pake. Ikaponea. Meli ilitupita kama dakika mbili nzima tukitazama ubavu wake tu, kisha mawimbi yake yakatutikisa, kisha kukawa kimya na giza likawa limekaribia.

Sasa tulale wapi? Sehemu ya kwanza ilikuwa imepigiwa mistari kwenye ramani ya bahari: kebo chini, nanga marufuku. Ya pili ilikuwa nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi, na ilikuwa nzuri. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Kaka alikuwa ameshaanza kutua tanga.

"Hapana," Mjomba akasema.

"Kwa nini, Mjomba? Hapa ndipo penye utulivu."

"Upepo ukigeuka saa nane usiku utatusukumia kwenye mawe. Na tagi zinapita hapa hapa. Tutatokea wapi?"

Tukaenda sehemu ya tatu, nyuma ya fungu la mchanga, wazi upande mmoja, chombo kikiyumba kwa mawimbi yaliyozunguka fungu. Lakini palikuwa na nafasi ya kuzunguka pande zote, ramani ilionyesha tope chini, na mtu angeweza kung'oa nanga gizani akaondoka moja kwa moja kwenda bahari kuu. Kaka hakusema neno.

Kina kilikuwa mita 4, na maji yangepanda mita 3 zaidi usiku. Mjomba akahesabu kwa sauti ili tusikie: 4 na 3 ni 7, ongeza 1 kutoka majini hadi omoni, 8, mara tano, mita 40 za mnyororo. Ukihesabu kina cha saa hiyo peke yake, maji yakijaa mnyororo unasimama wima, na nanga inayovutwa kwenda juu haishiki.

Tukageuza omo kwenye upepo hadi chombo kikasimama. Kilipoanza kurudi nyuma, nikaishusha nanga taratibu, bila kuitupa. Mnyororo ulikuwa na alama ya rangi kila mita 5, ukapita vidoleni ukiwa na baridi na kutu. Mjomba akaiacha injini ndogo irudi nyuma polepole, akaja omoni, akaushika mkono wangu akauweka juu ya mnyororo, nje kidogo ya omo.

"Sikiliza kwa mkono."

Ulikuwa unatetemeka. Mtetemo mkavu, wa kukwaruza, unapotea kisha unarudi, kama jembe linalokokotwa juu ya changarawe. "Inatembea," akasema. Tukaipandisha, ilikuja imeviringwa mwani. Tukasogea, tukashusha tena. Safari hii mnyororo ulitetemeka mara moja, ukanyooka, ukainuka polepole kutoka majini huku matone yakidondoka kutoka pete moja hadi nyingine, kisha ukatulia tuli. Injini ilikuwa bado inavuta. Mkononi hakukuwa na kitu, ila uzito. Mjomba hakuuondoa mkono wangu mpaka alipokwisha kutazama taa ya gati na mnara ulio nyuma yake, akahakikisha haviachani, maana vikiachana chombo kinasogea.

Tukawasha taa nyeupe moja inayoonekana pande zote, tukapokezana zamu. Hatukulala vizuri, tuliyumba usiku kucha. Upepo haukugeuka.

Alfajiri tulipotweka tanga, nyuma ya ukuta palikuwa na chombo kidogo kilichoingia baada yetu. Watu wake walikuwa wanaamka taratibu, wamepumzika. Kaka alinitazama. Mpaka leo anashikilia kwamba tulijitesa bure, nami humjibu kwamba upepo ungeweza kugeuka, naye huniuliza: uligeuka?

Tangu hapo nimelala nyuma ya kuta za namna ile, na hakuna kilichonipata. Ila usingizi siupati: kila tagi ikipita ninainuka kwenda kuushika mnyororo. Mjomba hayupo tena nimuulize kama huo ndio ujuzi aliotaka kunipa, au ni hofu yake tu imehamia kwangu.